Faili Juu ya Friji

Tangu Machi faili ya baba iko juu ya friji,
imefungwa kwa kamba ya kiatu chake.
Kila Jumamosi nasema leo;
kila Jumamosi naosha sufuria zilizo safi.

"Mirathi haimalizwi na mtu," akaniambia Kerubo
wa orofa ya pili, karani mstaafu wa mahakama.
"Mtu humaliza karatasi moja.
Kesho usiende Milimani. Kesho fungua kamba tu."

Nikafungua kamba. Nikalala.

Jumatatu, cheti cha kifo: nakala mbili,
shilingi ishirini, kwa Musau pale Umoja.
Jumanne, sikufanya kitu. Mvua, stima ikapotea,
nikajidai mshumaa hautoshi kusoma.
Jumatano, barua kwa chifu: tarehe, jina langu,
chini pakabaki peupe.
Alhamisi pakajaa.

Haba na haba, husema watu.
Hawasemi haba ya kwanza ina uzito wa gunia.

Bado hatimiliki. Bado saini ya kaka yangu
aliye Eldoret na hasira zake.
Lakini juu ya friji pamebaki mstatili usio na vumbi,
na kamba ile nimeitia kwenye kiatu changu.

Ofisi ya chifu hufunguliwa saa mbili.
Sasa ni saa moja na nusu.