Gari la Gesi

Siku ya tatu sasa nakula mkate na tende.
Jiko limezima, na mtungi ukiutikisa
unalia utupu kama debe.
Si kwamba sina riali tatu.
Ninazo, nimezibana kwa sumaku kwenye friji
chini ya orodha ya mambo ayafanyayo mtu mzima.

Gari la gesi hupita Ghubra baada ya alasiri,
honi fupifupi, mitungi ikigongana mgongoni.
Kinachotakiwa ni mtu kufungua dirisha na kusema:
Simama, ghorofa ya pili!
Maneno manne. Watoto wa jirani huyasema.

Jana nilisimama nyuma ya pazia, mkono juu ya kitasa.
Moyo ukatoka mbio bila ya kuniaga,
vidole vikafa ganzi,
gari likakata kona kwa fundi cherehani
nami nikakaa sakafuni nikahesabu vigae.
Kimoja kimevunjika pembe.
Nilikihesabu pia. Hakina kosa.

Nyumbani Barka chumba changu hakikuwa na komeo.
Kaka Muhenna aling'oa
ile wiki niliyokataa kutoka,
akalitia mfukoni, na hakuna aliyelitaja tena.
Walinipenda hivyo: simu zangu wapokee wao,
safari zangu waghairi wao,
"mgonjwa wetu," kwa sauti ya chini,
kama mtu afunikaye chungu.

Shangazi Ghaniya alisema ni jicho.
Mama alisema ni wasiwasi,
na wasiwasi ni wa shetani, soma Kul-audhu.
Daktari wa Bausher alisema ni wasiwasi,
akaandika kwa wino.
Neno moja, kila mmoja kashika ncha yake.

Nasoma, mama. Na kidonge nakunywa.
Havijagombana bado tumboni mwangu.

Nilipohama waliuliza: mwanamke peke yake, ana nini huko?
Nina komeo. Kitu cha kwanza nilichonunua.
Usiku nalifunga, nalifungua, nalifunga,
mara nne, siku nyingine saba.
Sisemi nimepona.
Nasema komeo ni langu.

Leo, honi.

Sikungoja moyo utulie; nimeshaujua,
hautulii kwa kungojwa.
Nikashuka nao ngazi, wenyewe ukipiga, mimi nikishuka,
mguu mmoja kiatu, mmoja ndara ya msalani.
Nje joto likanipokea kama mlango wa tanuri.
Sauti ikatoka. Si nzuri,
sauti ya kuku aliyekanyagwa mkia.
Lakini gari likasimama.

Kijana akashuka, Rafiqul, jina limeshonwa kifuani.
Hakunitazama usoni wala miguuni.
Akapanda na mtungi begani
kama abebaye mtoto aliyelala,
akaufunga, akapaka povu la sabuni shingoni mwa mpira,
akainama, akasubiri.
Hakuna kiputo.
Akachukua riali zangu tatu zenye jasho, akaenda zake.

Nikapaka povu tena. Na tena.
Mara ya nne nikakumbuka kuna yai kikaangoni.

Magharibi mama kapiga.
"Azza, umekula?"
"Yai, mama. Limeungua upande mmoja."
Kimya. Nasikia televisheni ya kwao, kijiko kikizunguka kikombeni.
"Gesi si ilikwisha? Nani kakuitia gari?"
"Nimeliita mimi."
Kijiko kikasimama.
Nikangoja swala, nikangoja kilio, nikangoja jina la shetani.
"Buibui ulivaa?"
"Nilivaa, mama."

Nje ndani, lebo shingoni ikinicheza.
Hilo sikumwambia.