Dhiraa Moja, Kwenda na Kurudi

Nanosekunde tatu.
Hizo tu zautosha mwali wa leza
kwenda dhiraa moja, kugusa ukuta, kurejea nyumbani.
Kupepesa jicho ni karne.
Kazi yangu ni kujenga saa
inayoweza kumgombeza aliyechelewa
kwa upana wa kidole.

Oulu, Desemba. Jua limepiga hodi saa nne na nusu,
saa nane limekwisha aga.
Mimi niko kwenye skrini, tabaka la sita la shaba,
nachora njia nyembamba kuliko uzi wa buibui,
na chini yake diodi elfu nne na ushei,
kila moja imetegwa kama mtego wa panya:
fotoni moja ikikanyaga, inafyatuka.
Tabu ni kwamba hufyatuka hata bila mgeni.
Joto peke yake latosha. Eerikki huziita wazushi.
Ndiyo maana hapa hatumwamini shahidi mmoja.
Tunarusha miali elfu kumi, tunarundika ushahidi,
na penye rundo refu
ndipo penye ukuta.

Kosa langu la Machi lilikuwa waya mmoja.
Niliupitisha kando ya saa, nikasema haidhuru.
Kiwandani wakalichonga katika silikoni,
wiki kumi na nne,
likarudi ndani ya kisanduku cha sponji
safi, linang'aa, nakala elfu tatu.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Mimi niliujenga pasipo ukuta,
sentimita arobaini ndani ya sebule ya watu.

Hii ni chipu ya pili.
Nimeileta Tuira, ghorofa ya tatu, kwa baba,
nimeibandika darini,
ili siku akianguka, ijue.
Tauno Ylikangas alipima magogo miaka thelathini na minane
kwa fimbo yenye alama, mtoni, vidole vimekufa ganzi.
Akaitazama, ndogo kuliko punje ya dengu.
"Hiyo imewahi kushika mti?"
"Haijawahi kushika kitu, baba."
"Basi inajuaje?"
"Inarusha, inasubiri. Muda wa kusubiri ndio umbali."
Akanyamaza. Akamimina kahawa, kikombe kimoja,
kisha akakumbuka, akaleta cha pili.

Nikafungua kompyuta.
Nukta zikaanza kujikusanya: meza, mlango,
jiko la chuma (hapo shimo tupu, weusi hula mwanga),
kochi, na juu yake baba,
mabega yaleyale.

Na nyuma ya ukuta,
ndani ya nyumba ya jirani,
mtu wa pili ameketi kochini.

Nilijua mara moja. Kioo cha mama,
hakijaguswa tangu mazishi.
Mwali hukigonga, hukata kona, humpata baba kwa njia ndefu,
na saa yangu, mtumishi mwaminifu,
huandika urefu
bila kuuliza njia.

"Huyo ni kosa," nikasema. "Mistari minane tu ya msimbo. Nitamfuta."

Baba akainua mkono.
Yule wa nyuma ya ukuta akainua wake,
amechelewa nanosekunde kumi na nne, nilihesabu.
"Vieno. Mwache kwanza.
Yuko umbali gani?"
"Mita nne na robo."
"Si mbali," akasema,
akasogea hadi ukingoni mwa kochi
kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.
Na yule naye akasogea.

Nje giza lilikuwa limeshaingia, saa nane na dakika ishirini.
Nilikunywa kahawa ikiwa imepoa.
Kwenye ripoti ya Jumatatu, kipengele cha tisa, niliandika:
*Kioo. Hitilafu inajulikana.
Haijarekebishwa.*
Eerikki akauliza lini.
Nikamwambia nasubiri.