Namba 212

Mchungaji Nkwabi kaniachia daftari jipya, jalada gumu,
na la zamani, lililokaushwa na jua la dirishani.
"Nakili walio hai na waliolala katika Bwana.
Waliokatwa, waache humo humo."
Akapanda pikipiki kwenda Ipole kubatiza.

Nimebaki ofisini, Sikonge, na kalamu ya buluu
na harufu ya tumbaku kutoka ghala la jirani.
Namba 209, Anyesi Kalunde. Amelala.
Namba 210, Tito Maganga. Alihamia Mpanda.
Namba 211, mchwa.
Namba 212, baba yangu.

Filemoni Mihayo, mrina asali. Alibatizwa 1961.
Juu yake mstari mwekundu, umenyooshwa kwa rula,
na pembeni, 1978, mwandiko wa mtu mwenye haraka:
amerudi nyuma.

Nyuma wapi? Ningependa kumuuliza mwandishi.
Nyuma kwenye wanzuki, ndiyo, kila mtu alijua,
kibuyu kimoja, kisha viwili, kisha usiku kucha.
Nyuma porini, miezi mitatu bila salamu,
mwaka ule tuliomzika Kulwa, pacha wangu,
baada ya maombi ya siku tisa.

Wazee wa kanisa walimwendea mara tatu.
Mara ya tatu hakuwapa hata kigoda.
"Nifuteni," alisema. "Mbona mnachelewa?"
Nilikuwa jikoni nakoroga uji.
Nikasikia. Uji ukaungua.

Basi wapo wanaosema: aliyeokoka ameokoka,
Mungu hatoi kwa mkono huu akanyang'anya kwa ule.
Na wapo wanaosema: mlango ni mlango,
anayeingia kwa miguu yake aweza kutoka kwa miguu yake,
na baba alitoka akiwa na akili timamu.
Mzee Kapaya yeye humaliza upesi:
kama hakudumu, basi hakuwahi kuokoka.
Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.
Mimi nilimwona akiomba. Nilikuwa na miaka sita,
nimefumba jicho moja tu.
Usiniambie hakuwepo pale.

Mzinga wa gome la mtundu, alinifundisha mwenyewe,
nyuki wakihama, alama ya mwenye mzinga haihami.
Hakuna mrina anayeushusha mzinga wa mwenzake
hata ukining'inia mtupu masika manne.
Lakini alinifundisha pia kwamba mwenyewe
akichoka kungoja, huushusha, akaukokea moto.
Aliyasema yote mawili siku moja, akinoa shoka,
wala hakuona haja ya kuyapatanisha.

Tulipobomoa nyumba yake, baada ya matanga,
juu ya boriti, ndani ya nailoni,
kati ya risiti za chama cha ushirika
tulikuta cheti cha ubatizo.
Panya walikuwa wamekula jina. Namba ilibaki.
Miaka thelathini na minne. Alihama nyumba mara mbili,
na kila alipohamia, mtu yule aliyeomba afutwe
alipanda ngazi akakitafutia mahali pakavu.

Nilimwonyesha mama, ambaye hajakosa Jumapili hata moja,
aliyekuwa akimfuata kilabuni na taa ya chemli.
Alikipangusa vumbi kwa upindo wa kanga.
"Sasa baba yuko wapi?" nikamuuliza.
"Mimi si karani," akasema.

Karani ni mimi.

Jua limefika mezani. Pikipiki itarudi.
Nimeliinua daftari kwenye mwanga: wino mwekundu
umepita juu ya jina, haukuingia ndani yake.
Filemoni inasomeka. Mihayo inasomeka.

Sikumwandika. Wala sikumruka.
Nimeandika 212, nikaacha mstari mtupu,
upana wa jina la mtu mmoja,
kisha 213, Rusia Ngassa, yu hai,
anauza karanga pale stendi.