Mlango wa Nyuma

Si fuko, si buku. Mnene kama mto wa kochi,
amechimba chini ya baraza la Verna Zook
hadi nguzo ya kushoto imeinama
kama mtu anayetegea umbea.

Verna kaziba shimo kwa mawe,
kamwaga amonia, kasokomeza matambara,
kategesha kizimba, nusu tikiti ndani.
Kulipokucha, kizimbani: paka wa Hostetler,
kafura kwa hasira, ananukia tikiti.

Na yule bwana?
Yuko kwenye maharage, kasimama wima
kama karani wa forodha, jani mdomoni.

"Ana mlango wa pili," asema Hostetler, akipangusa paka.
"Huo hauna kifusi. Huchimbwa kutoka ndani."

Verna atambaa kwa magoti, umande umepenya sketi.
Auona chini ya waridi:
duara safi, udongo haupo hata chembe.

Miaka ishirini na sita Merle alikula mezani pake,
kisha akatokea gereji na sanduku moja,
na kikombe chake kakiosha.

Jiwe li mkononi, zito.
Nyuma yake
maharage yanatafunwa.