Mara ya Nne

Fomu imenipa mistari minne:
*Eleza kwa ufupi sababu ya kutosikia.*
Kalamu ya ofisi imefungwa kwa uzi mezani,
kana kwamba nitaiiba nikimbie nayo Mambrui.

Niandike nini? Niandike halua?
Kwamba Kapteni Shebwana alinunua ratili tatu
asubuhi ile Lamu, za posa ya bintiye,
akaziweka kikapuni nyuma ya kiti chake,
na tulipoanza kushuka juu ya mashamba ya chumvi ya Gongoni
kikapu kikateleza, samli ikaanza kuvuja,
akaniambia, "Barke, hebu kishike,"
nami nikageuka.

Nikageuka tu. Mkono mmoja.
Halafu ikaja hadithi ya mkwe mtarajiwa,
kijana wa Matondoni, eti kaomba apunguziwe mahari
kama anayenunua sufuria.
Tukacheka.
Chini yetu Sabaki ulikuwa ukimwaga matope yake baharini,
mekundu, kama kila siku.
Magurudumu yameshuka, taa tatu za kijani zinawaka,
kila kitu kimekaa mahali pake
isipokuwa sisi.

Sikio la kufa halisikii dawa, bibi angesema.
Langu halikuwa la kufa. Lilikuwa zima,
limepimwa na daktari mwezi Machi, likapigiwa muhuri,
limefunikwa kwa spika ya bei ya ng'ombe wawili.
Sauti ya mnarani iliingia. Naapa iliingia.
Ilipita kama jina la mtu mwingine
linapoitwa kwenye foleni ya hospitali:
unalisikia, unaendelea kukaa.

Mara tatu Mishi alituita
kwa lugha ya kitabu, herufi za ndege kwa mpangilio,
bila kupandisha sauti, kama tulivyofunzwa sote:
msitue, zungukeni, njia haiko wazi.
Mara ya nne akaitupa lugha ile.
"Jamani," akasema. "Jamani, kuna mtu!"

Hilo likanifika.

Trekta jekundu la kukatia nyasi
lilikuwa limezimika katikati ya lami,
na Karisa ameliinamia, katupa mgongo,
shati lake la buluu limejaa upepo.
Yeye naye hakuwa amesikia.

Sikumbuki nani aliusukuma mkono wa injini.
Mikono yetu ilikutana pale, ikiteleza kwa samli.
Ndege ikanguruma, ikainua pua kama ng'ombe asiyetaka kuoga,
na shati la buluu likapita chini ya miguu yangu
karibu kiasi kwamba niliona kiraka begani.

Nyuma, mzee mmoja wa Kiitaliano akapiga makofi.
Alidhani tumemzungusha aione bahari.

Tulipotua, Mishi alishuka ngazi za mnara
viatu vikiwa mkononi.
Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.
Akaomba maji. Akanywa chupa nzima amesimama,
akapangusa kidevu kwa mtandio,
akarudi juu. Kulikuwa na ndege ya Mombasa inakuja.

Karisa ndiye aliyeuliza.
"Mbona leo mmepita chini hivyo? Ina hitilafu?"
Kapteni akafungua mdomo, akaufunga.
Akamkabidhi kikapu kizima.
Karisa akakipokea kwa mikono miwili, akanusa iliki,
akatutazama mmoja mmoja:
"Kuna harusi?"

Nimeandika: *Tulikuwa tunaongea.*
Nimesoma. Ni kweli, na haitoshi,
na mistari mitatu bado iko mitupu.
Feni inazunguka. Nje mtu anafyeka,
leo kwa panga, nyasi za kando ya uzio.
Karani anaanza kulitaja jina langu.
Hajafika silabi ya pili
nami nimeshasimama,
kalamu mkononi,
uzi umekazika.