Fundo Kwenye Kamba

Mwaka nilioolewa nilichimba kwa kata tu.
Kiwiko kilipozama, maji yalinijia yenyewe,
yakichungulia kama mtoto aliyesikia jina lake.
Leo naingia shimoni mzima mzima,
Nyemo ananishushia ndoo kwa kamba ya katani,
na bado nasubiri:
kikombe, pumzi, kikombe.

Mto wetu hauna maji juu. Wageni huucheka,
mto gani huu, mbuzi wanalala katikati?
Hawajui kuwa mchanga ni ghala.
Mvua ya Januari huingia humo, ikafunga mlango,
ikatunywesha hadi Oktoba.

Kisha yakaja malori.
Dodoma inajengwa, walisema, na kila tofali lina kiu.
Tripu moja, elfu nane ya kupakia, tunagawana wanne.
Sitasema uongo: nilipakia.
Koleo langu ndilo lililonunua sare za Nyemo,
bati sita,
na dawa ya kifua cha Chilewa.
Nani hapa Mvumi ana kiganja kisicho na sugu
aninyooshee kidole?

Mwezi wa tisa nilikwenda mjini, miadi ya macho.
Nikapita penye ghorofa jipya,
ukuta umepigwa lipu asubuhi ile, mbichi.
Niliweka mkono.
Ubaridi ule naufahamu. Harufu ile
nimeinusa miaka kumi na tisa, nimepiga magoti.
Fundi akafoka, "Mama, utaacha alama!"
Vidole vitano vikabaki ukutani.
Sikuomba radhi.

Sasa tumelaza gogo la mkungugu kwenye njia ya malori.
Juu kule, korongo linapokula shamba la kina Mazoya,
tumepanga mawe na viroba, tukachomeka mikatani,
udongo ukishuka ushuke kwa adabu.
Chilewa hasemi nami.
Bati la saba tulishalilipia nusu.

Jana nilifunga fundo kwenye kamba,
pale hasa maji yalipoishia.
Mvua ikija na kupita, nitaishusha tena.
Fundo likilowa, nitamwamsha Chilewa usiku huohuo,
nimkamulie kamba usoni.
Lisipolowa,
basi lile gogo ni zito, nalijua:
nililibeba upande wa shina.