Kadi Sita

Mwezi wa saba, Sudbury. Uwanja hauna barafu,
sakafu ni saruji tupu inayonuka rangi,
na meneja wetu, Doreen Pilkey, kaingia karakanani bila hodi
kwa sababu ofisi yake inavuja.
Kabandika kadi sita juu ya mashine yangu ya kunolea.
Kadi sita, mabeki sita, wawili wawili kama viatu.

"Msimu uliopita tumefungwa mia mbili na kumi na moja,"
akauambia ukuta, si mimi.
Kwetu wangesema, usipoziba ufa.
Nikanyamaza. Ufa wenyewe haukuwapo tena,
mama huyu alishaagiza matofali.

Ya kwanza Hrabovec, nguzo ya umeme kutoka Slovakia,
beki kisiki: akikugonga, unaomba radhi wewe.
Ya pili Kangas, miaka ishirini, mbio tupu,
huenda mbele kama mtu aliyesahau chenji dukani,
kurudi hajui.
Ya tatu na ya nne, ndugu wa kwa Osawamick, watu wa kisiwa cha Manitoulin,
hupeana pasi bila kutazamana,
wamekula sahani moja tangu meno ya utoto.
Ya tano jina limefutwa mara tatu. Bei, bei, bei.
Ya sita aliishika mkononi muda mrefu.
Taillefer. Miaka thelathini na saba. Goti moja ni la daktari.

Mimi si kocha. Mimi ni mnoa viatu vya barafu,
mwaka wa kumi na moja sasa, vumbi la chuma puani.
Lakini chuma hakijui uongo.
Kila kiatu kina makali mawili, ya ndani na ya nje,
katikati kijifereji chembamba kama mstari wa kiganja.
Mwenye pupa huyamaliza ya ndani.
Mwoga wa kugeuka, ya nje hubaki mapya, yanang'aa, yanamsuta.
Viatu vya Taillefer nimevinoa miaka tisa:
huisha sawasawa, pande zote,
kama sabuni ya mtu asiye na haraka.

Nikamwambia Doreen hivyo. Akacheka kwa pua.
Najua, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Lakini beki hali nyama. Beki analinda bucha.

Dirisha la usajili likafungwa. Kadi ya sita akapewa
kijana wa Minnesota, ghali, shuti la kuvunja vioo.

Taillefer alifuata viatu vyake Ijumaa, amevaa ndala,
akamkuta Kangas anasubiri zamu.
Hawakusalimiana vizuri.
Kisha mzee (thelathini na saba, huku ni mzee)
akachukua chaki yangu, akapiga mstari sakafuni.
"Usikimbilie kisahani. Kisahani hakichoki.
Mtazame mtu kifuani. Gongo hudanganya, macho hudanganya,
kifua hakiendi popote bila mwenyewe."
Akamfundisha kurudi kinyumenyume,
kwa soksi, kati ya mapipa ya taka,
wanaume wawili wakirudi nyuma kama wanaomwaga mfalme,
mpaka askari wa zamu akaja kuzima taa.

Februari. Baridi ya kugandisha kope.
Tunafungwa machache. Si machache sana:
shuti la Minnesota huvunja na vioo vyetu.
Jana Kangas kacheza dakika ishirini na tatu
na gazeti halikumtaja.
Nani atapiga picha bao lisiloingia?

Doreen akapita, akauliza kama kuna jipya.
Nikainua kiatu cha kijana, bado hakijaguswa na jiwe,
nikalaza sarafu juu ya makali yote mawili.
Ikakaa. Haikuinama huku wala huku.
Aliitazama sana.
"Nani kamfundisha?"

Sikujibu. Nilisogeza kiti changu kidogo
ili aone mstari wa chaki.
Mfagiaji nimemkataza kuugusa.